Redio Iliyosoma Majina



Juma hili napenda tutafakari juu ya jambo tulilolizoea mno hata hatulioni tena: sauti ya nchi ya mbali inayozungumza nasi kwa lugha ya nyumbani. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza tarehe 27 Juni 1957, na vizazi kadhaa viliipangia saa yake ya jioni kama vilivyopanga saa ya chakula. Hata hivyo, leo nitamzungumzia ndugu yake mdogo, aliyezaliwa katika msiba.

Mnamo Julai 1993 kituo cha RTLM kilianza kutangaza nchini Rwanda, kwa muziki na mizaha iliyowavutia vijana. Mwaka uliofuata, wakati wa mauaji ya kimbari, kituo hichohicho kilitaja hewani majina ya watu ili wawindwe na kuuawa. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili. Ndivyo tulivyojifunza kwamba jina la mtu likitamkwa redioni laweza kuwa hukumu ya kifo.

Mwaka uleule wa 1994, BBC ilianzisha matangazo kwa Kinyarwanda na Kirundi, yakaitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Sikio la Mswahili husikia humo neno “mlango”, na kwa kweli katika Kinyarwanda neno hilo moja hubeba maana zote mbili, familia na mlango. Humo yalisomwa majina ya waliopotezana: mtoto anamtafuta mama, kaka anamtafuta dada.

Siku hizo nilikuwa wilayani Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo katika muda wa saa 24 hivi. Kambini redio moja ilihudumia familia nyingi, na betri zilianikwa juani ili zipate nguvu kidogo. Namkumbuka mama mmoja aliyesikiliza akiwa amefumba macho, mkono umeziba mdomo. Sikuwahi kusikia jina alilolingoja. Lakini jina la mgeni lilipotajwa, naye aliitikia kwa sauti ya chini, kana kwamba aliyeitwa ni mwanawe.

Naam, jambo hilo lisingewezekana kwa Kiingereza. Majina yangesomeka, lakini bibi asiyejua lugha hiyo asingejua ni nani anayemtafuta, wala amjibu wapi. Aliyejeruhiwa kwa lugha yake hana budi kufarijiwa kwa lugha hiyohiyo.

Tusiwe wepesi wa kusifu bila kupima. Matangazo ya Uingereza kwa nchi za nje yalianza mwaka 1932 kwa ajili ya himaya yake; yale ya Kiarabu yalianza Januari 1938, kushindana na redio ya Italia. Serikali hailipi gharama hizo kwa huruma tupu. Nayo Rwanda ilisimamisha matangazo ya Kinyarwanda ya BBC nchini humo Oktoba 2014, kwa hasira juu ya filamu iliyoonyeshwa na shirika hilo kuhusu mauaji yale. Sauti itokayo nje huweza kuponya, na pia huweza kuumiza.

Lakini tupime pia kinachopotea. Mwezi Septemba 2022 BBC ilitangaza kwamba ingefunga redio katika lugha 10 ili kubana matumizi, na tarehe 27 Januari 2023 redio yake ya Kiarabu ilinyamaza baada ya miaka 85. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba wasikilizaji wamehamia kwenye mitandao. Ni kweli kwa wengi. Lakini anayekimbia usiku na mtoto mgongoni mara nyingi hana simu yenye chaji, wala fedha ya bando, na minara ya simu inaweza kuzimwa. Masafa mafupi hayamwulizi msikilizaji nenosiri.

Ndugu zangu, si kila mmoja wetu anamiliki kituo cha redio, lakini kila mmoja ana ulimi, na wengi tuna makundi katika simu zetu. Humo tunataja majina ya watu kila siku. Juma hili, kabla hatujalitaja jina la mwenzetu mbele za wengine, tujiulize: tunalitaja ili apatikane, au ili awindwe?

Nawatakieni juma jema.