Daftari Lilikaa Kwangu

Kwa miaka sita daftari la kikundi chetu, pale Mbagala, lilikaa kwangu chini ya cherehani. Mwenzetu akikaribia kujifungua tunamfanyia shughuli, na mimi naandika: huyu kaleta doti mbili, huyu beseni, yule wa nyumba ya kona katunza elfu tano. Naandika kwa sababu shughuli ni deni. Ulicholetewa utakirudisha, tena kwa kuzidisha kidogo, usije ukasemwa. Anayedhani zile noti anazobandikwa mtu kwenye paji la uso ni zawadi tupu, bado mgeni mjini.

Nilikuwa mkali. Kulikuwa na muuza maandazi mmoja, nyumba zetu zinatazamana, akashindwa michango miwili mfululizo, elfu kumi kumi. Nikalikata jina lake mbele ya kikao kwa rula na kalamu nyekundu, na maneno niliyoyasema sitayarudia hapa. Akajifunga khanga yake vizuri, akatoka.

Mwaka 2019 zamu yangu ikafika, mimba ya tatu. Turubai, spika, madera ya sare rangi ya zambarau, keki, mpambaji wa kukodi. Nilikalishwa kwenye kiti kilichovishwa kitambaa cheupe, nikachezewa, nikatunzwa. Nilifurahi, sitasema uongo. Usiku nikahesabu mabeseni saba, chupa mbili za chai, poda za kutosha kituo cha watoto yatima, na vinguo hadi vya mtoto wa mwaka mzima. Bibi yangu angekuwepo asingekaa hata dakika kumi. Kwao nguo za mtoto hazinunuliwi kabla hajalia, ni kujitakia uchuro. Kilichoandaliwa mapema kilikuwa kuni, unga na watu. Nilikuwa namcheka.

Siku ya tisa baada ya shughuli, saa nane usiku, chupa ikapasuka. Tarehe niliyopewa kliniki ilikuwa bado wiki tatu. Mume wangu ni dereva wa lori, siku ile alikuwa Makambako, anatoka Tunduma. Nikampigia mwenyekiti, hapatikani. Katibu, simu inaita mpaka inakata. Siwalaumu, hakuna aliyekuwa ameambiwa asizime simu. Watoto wawili wamelala, na mimi nimeshika ukuta katikati ya mabeseni saba.

Dirishani kwa jirani kulikuwa na mwanga. Muuza maandazi huamka saa nane kukanda unga. Nilisita, nakiri. Nilisita mpaka uchungu uliponipata mara ya pili, ndipo nikamwita.

Alikuja na mikono myeupe kwa unga. Hakuuliza mengi. Akamwamsha binti yake aje alale na wanangu, akampigia kijana wa bajaji anayembebea viroba, akanifunga khanga mbili kiunoni. Tulipofika hospitali, nesi wa mapokezi akauliza vifaa. Nikafungua begi: vinguo, poda, shali ya kufuma. Mpira wa kuzalia hamna, glovu hamna, pamba hamna. Muuza maandazi akatoka kwenda duka la dawa la karibu, akavinunua kwa hela ya ngano ya siku mbili.

Mtoto alitoka salama, wa kike. Mimi nikatoka damu nyingi, nikaongezewa chupa mbili, na ndugu wakaombwa waje kuchangia damu. Ndugu zangu wako Singida. Aliyekunja mkono wa nguo kwanza ni yeye.

Nilipopata nguvu nilirudi kliniki na kadi ya mtoto, nikamkuta muuguzi akiwafundisha wajawazito: chagua kituo mapema, jua usafiri wako, weka akiba, mjue atakayekusindikiza, mtafute wa kukuchangia damu. Somo hilihili nilipewa nikiwa na mimba, mara tatu, nikiwa kwenye benchi nachagua rangi ya sare kwenye simu. Alisema pia kwamba kutokwa damu ni miongoni mwa mambo yanayoua wazazi wengi kuliko mengine. Baadaye utafiti wa taifa wa 2022 ulikadiria vifo 104 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulikadiria 556. Tumetoka mbali, ila nikikumbuka usiku ule najua nilivyolisogelea kundi lile la 104.

Kwenye kikao nikasema daftari linahitaji ukurasa wa pili, wa zamu. Walinicheka. Mmoja akauliza, "Sasa hii shughuli au mkutano wa zahanati?" Wakakubali kujaribu mara moja, kwa binti mmoja mwenye mimba ya kwanza. Tulitandika mikeka saa kumi alasiri. Kabla ya ngoma kila mwanamke alisema saa anayoweza kuamshwa, na nikaandika. Nani atalala na watoto, nani ana mtu wa bajaji, na kila mmoja kundi lake la damu ni lipi. Wengi hawakulijua, wakaenda kupima. Begi lilifunguliwa mbele yetu sote, kitu kimoja kimoja. Hapo kukazuka ubishi wa nusu saa kuhusu kumkanda mzazi maji ya moto, bibi mmoja akisema tumbo lazima likandwe, mkunga mstaafu akikataa katakata. Tukaishia miguu na mgongo. Uji wa pilipili manga haukuwa na mpinzani. Siku saba za mwanzo ziligawanywa papo hapo. Kisha ngoma ikapigwa, maana sikusema tuache kucheza.

Jioni ile yule muuza maandazi alikuja na sufuria lake. Nikamwambia jina lake nimeshaliandika upya, juu kabisa, na lile deni tumelifuta. Akaniangalia kama nimemtukana. Akafungua fundo la khanga, akamwaga mkekani noti za mia tano na sarafu zilizokuwa bado na ungaunga, akazihesabu mwenyewe mpaka zikatimia elfu ishirini.

"Mweka hazina," akasema, "andika. Na tarehe."

Nikaandika.