Mdada wa Bongo Movie, Zilipendwa Wake na Geti Lililogoma

Majina sitoi, kwa hiyo msinijazie meseji. Mdada ni wa Bongo Movie, sura yake mnaijua, na zilipendwa wake mnamjua pia, maana posti za kuachana kwao mlizitafuna kama karanga.

Msichojua ni kwamba jamaa aliondoka na nguo, na viatu, na rimoti ya geti. Miezi miwili baadaye mdada anatoka lokesheni saa sita usiku, anakuta gari la jamaa limepaki ndani, mwenyewe kakaa barazani anakunywa soda. Hajavunja kitu, kabonyeza tu. Sasa polisi ukaseme nini, "amebonyeza"?

Mdada akanitafuta. Ukiacha umbea, mimi huwa nachezea zile bodi ndogo za kielektroniki, Arduino na ndugu zake. Shule nimeishia fomu foo, haya nimejifunzia YouTube na kwa mafundi wa Kariakoo. Arduino yenyewe ilianzia Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hata umeme hawakusomea, kwa hiyo na mimi nimo.

Najua mtasema, si ufute rimoti zote usajili upya? Inawezekana. Ila zile zilikuwa za zamani, zinatuma namba ileile kila ukibonyeza. Mtu akiishika dakika mbili tu anainakili kwenye rimoti tupu, imeisha hiyo. Na nyumba ile dereva alikuwa nayo, dada wa kazi nayo, meneja nayo, halafu dereva ni mshkaji wa jamaa tangu kitambo. Rimoti haijui nani anabonyeza.

Nikazifuta zote, sikurudisha hata moja. Nikaweka ESP8266, bodi ya saizi ya kiberiti yenye waifai ndani yake. Ukibonyeza kwenye simu, bodi inaamrisha rilei, rilei inagusanisha nyaya mbili za swichi ya geti kwa nusu sekunde, kama kidole. Umeme mkubwa wa mota sijaugusa. Kila mtu ana paswedi yake, na geti likifunguka jina na saa vinaandikwa. Nikabandika na sumaku pembeni ya geti na swichi yake ukutani, maana bila hiyo simu inakwambia limefungwa kumbe liko wazi. Ufunguo wa kufungulia mota kwa mkono tukabadilisha kitasa chake siku hiyohiyo, kwani nao jamaa alikuwa na nakala.

Kilichoninyima usingizi ni umeme wa kukatika. Bodi hii ikiwaka, baadhi ya pini zake zinashtuka kabla programu haijaanza. Ukiunga rilei kwenye hizo, umeme ukirudi saa nane usiku geti linaweza kujifungua lenyewe na wewe unakoroma. Nikatumia pini ya D1, hiyo imetulia, pamoja na rilei inayoendana nayo. Nikachomoa na kuchomeka umeme mara ishirini nimesimama palepale getini, mlinzi ananiangalia kama nimechanganyikiwa. Geti halikutikisika.

Sasa utamu wenyewe. Siku ya tatu jamaa akanipigia, sauti ya upole kabisa. "Dogo, niongezee na mimi jina. Laki tano nakutumia sasa hivi, yeye hatajua." Laki tano wadau! Hiyo kwangu ni kodi ya chumba miezi kibao. Nikamwambia, kaka, kila jina linaonekana kwenye simu yake. Akacheka. "Basi usiongeze kitu. Nipe tu paswedi ya dereva, yeye mwenyewe hana shida."

Nikakata simu, nikampigia mdada. Dereva siku hizi yuko kwa bosi mwingine.

Wiki iliyofuata mlinzi anasema gari lilisimama nje usiku, mtu ndani anabonyeza, anabonyeza, mwisho akapiga honi. Hakufunguliwa.

Mdada akaniuliza, na jina lako limo? Lilikuwemo, la majaribio. Nikalifuta mbele yake. Sasa nikienda kukagua nyaya napiga hodi, mlinzi anachungulia, ananiandika kwenye daftari, nasubiri juani kama muuza maji.