Je, Hila Isiyokusudiwa ni Udanganyifu?

Wako watu wengi wasemao ya kwamba mchezo ni mchezo tu, wala haimfai mtu mzima kupoteza wakati kwa kufikiri habari zake. Sisi twaona vingine. Mchezo ni mapatano: watu wawili huketi pamoja, wakakubali kufungwa na sheria ambazo hapana aliyewalazimisha kuzifuata, na kila mmoja humwamini mwenzake ya kuwa atazishika. Katika bao ni vivyo hivyo; wachezaji wenye desturi mbalimbali hupatana kwanza kabla hawajaanza kunamua. Aliyejifunza kushika mapatano madogo ya mchezo amejifunza jambo litakalomfaa sokoni na barazani.

Siku hizi vijana wetu wana michezo ya namna nyingine, ichezwayo katika simu na kompyuta, na mingi ni ya mapigano: kila mchezaji humwongoza mtu wake wa picha apigane na mtu wa mwenzake. Katika ngumi za kweli yuko mwamuzi atazamaye. Lakini katika mchezo wa kompyuta sheria zimeandikwa ndani ya programu, na programu ni kazi ya binadamu, haikosi kasoro. Huenda mchezaji akavumbua pigo au njia ambayo mtengenezaji hakuikusudia kabisa. Je, akiitumia kumshinda mwenzake, amedanganya?

Swali hili lilitufikia shuleni. Vijana wawili wa darasa letu, watoto wa ndugu, walikuwa wakicheza mchezo wa mapigano katika simu za wazazi wao, kwa sharti la kwamba atakayeshindwa atashika zamu ya mwenzake ya kuteka maji kwa mwezi mzima. Mkubwa alikuwa amegundua ya kuwa mtu akisukumwa mpaka pembeni mwa kioo, kisha akapigwa teke wakati ule ule anapoinuka, hawezi kusimama tena mpaka ameshindwa. Hakumwambia mtu. Akashinda michezo yote, na mdogo akateka maji siku tisa kabla hajaijua siri hiyo. Alipoijua, alimwita nduguye mwizi mbele ya watu. Wazee wao wakaacha kusalimiana, na baba wa yule mkubwa akataka kumpiga mwanawe fimbo. Ndipo tulipoombwa kuamua.

Mkubwa alijitetea, akasema, “Mwalimu, sikuongeza kitu wala sikupunguza. Mchezo wenyewe wakubali.” Mdogo akajibu, “Lakini aliyeutengeneza hakutaka uchezwe hivi.” Maneno yote mawili yana sura ya haki, nasi tuliyapima moja moja.

Tuanze na nia ya mtengenezaji. Mwaka 1991 kampuni ya Capcom ya Ujapani ilitoa mchezo wa mapigano uitwao Street Fighter II. Ndani yake iko sehemu ambayo mchezaji huvunja motokaa kwa mateke na ngumi. Noritaka Funamizu, mmoja wa watengenezaji, alipokuwa akiikagua sehemu hiyo aliona ya kuwa vitufe vikibonyezwa kwa wakati wake barabara, pigo la pili huingia kabla la kwanza halijaisha. Hawakulikusudia jambo hilo. Yeye alidhani ni gumu mno hata watu wasiweze kulitumia, akaliacha. Wachezaji wakalivumbua, wakalizoea, na mfululizo huo wa mapigo, uitwao kombo, umekuwa msingi wa michezo ya mapigano hata leo. Mwaka 1993, katika Super Street Fighter II, mchezo wenyewe ulianza kuyahesabu mapigo hayo na kumpa mchezaji alama kwa ajili yake.

Tena tutazame upande wa pili. Mwaka 1994 kampuni hiyo hiyo ilitoa Super Street Fighter II Turbo, na kwa makusudi ikaficha ndani yake mpiganaji aitwaye Akuma, mwenye nguvu kupita kiasi. Huyu alikusudiwa, walakini wachezaji wamezoea kumkataza katika mashindano yao, kwa maana akiruhusiwa, hapana atakayemchagua mwingine. Basi nia ya mtengenezaji si mizani ya kutosha. Lisilokusudiwa lilipokewa kwa furaha, na lililokusudiwa likakataliwa.

Hata hivyo neno la mkubwa, ya kuwa programu ikikubali basi ni halali, nalo halisimami. Mwezi wa Novemba 2014, katika mji wa Jönköping, nchi ya Uswidi, palikuwa na mashindano ya Counter-Strike, mchezo ambao kundi la watu watano hupigana na kundi jingine la watano. Kundi la Fnatic la Uswidi lilikuwa limeachwa nyuma sana na kundi la LDLC la Ufaransa. Ndipo watu wa Fnatic walipopandana ndani ya mchezo, mmoja juu ya mwingine, wakamfikisha mwenzao mahali pa juu ambapo hapana aliyetazamia ya kuwa mtu aweza kusimama. Toka huko aliona sehemu kubwa ya uwanja, nao adui hawakuwa na njia ya kumjibu. Fnatic wakashinda 16 kwa 13. Programu ilikubali, lakini sheria za mashindano zilikataza kusimama juu ya ukingo usioonekana. Waamuzi wakaagiza mchezo urudiwe, Fnatic wakajitoa, na LDLC wakaendelea mpaka wakawa mabingwa.

Liko na lililo baya zaidi. Mwezi wa Septemba 2020, tume iitwayo Esports Integrity Commission iliwaadhibu makocha 37 wa mchezo huo huo. Kwa kasoro ya programu, kocha aliweza kubaki akitazama mahali fulani pa uwanja, akawaona adui waendavyo, na hali wachezaji wake mwenyewe hawakuweza kuwaona. Hapo pia programu ilikubali. Lakini ni ustadi gani ulioonyeshwa? Hapana. Faida yake yote ilikuwa katika siri. Mpinzani angalijua, angaliinuka na kuukataa mchezo.

Kwa mifano hii tuliona maswali matatu yafaayo kuulizwa. Kwanza: je, mapatano yamelikataza jambo hili? Likiwa limekatazwa, ni udanganyifu, hata programu ikilikubali mara mia. Pili: je, mwenzako naye aweza kulitumia, na akilijua aweza kulijibu? Kombo yaweza kufundishwa kwa kila mtu, na mwenye uangalifu aweza kujikinga nayo. Tatu: je, ungelitumia hali mwenzako akijua? Ushindi unaokwisha mara siri ifunuliwapo hautokani na mkono wako, bali na kutojua kwa mwenzako.

Kwa mizani hiyo tulisema ya kuwa kijana mkubwa si mwizi wala hastahili fimbo, maana hapakuwa na patano lililomkataza. Neno udanganyifu ni zito, halifai kutupiwa kila mtu aliyetushinda. Na mithali yasema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini tangu alipojua ya kuwa hila yake haina kinga, akaificha, akaendelea kucheza kwa sharti, hapo alikuwa ameuacha mchezo na kuanza kumtumikisha nduguye. Tukaamuru amwonyeshe hila hiyo wazi, na zamu zilizobaki zifutwe.

Vijana wale walikaa jioni nzima wakitafuta kinga, wasiipate. Basi wakapatana wenyewe ya kwamba atakayemsukuma mwenzake pembeni atarudi nyuma na kumwacha asimame kwanza. Mkubwa alianza kumlipa mwenzake zile siku tisa. Alipofika ya tano mvua za masika zikanyesha, mapipa yakajaa, na deni likasahauliwa. Wazee wao walichukua muda mrefu zaidi kupatana.

Ndugu wasomaji, watoto hawa watakua, nao watakutana na mikataba ya mashamba, vyama vya akiba na sheria za nchi, ambazo zote zimeandikwa na watu na zote zina mianya yake. Aliyezoea kusema “haikukatazwa” atauona mwanya kuwa mlango. Kwa hiyo twawasihi wazazi wasiinyang'anye simu kwa hasira tu, bali waketi na watoto kabla mchezo haujaanza na kuwauliza: mmepatana nini, na mtafanya nini mmoja wenu akivumbua jambo ambalo hamkulipatana?