Acheni Kumwita Mvivu

Ndugu zangu wa Molo,

Habari niliyopata kwa simu juzi imeniudhi sana. Binti ya shangazi yangu, aliyeolewa upande wa Malaba, amerudishwa kwao eti anajifanya mgonjwa. Akilima mchana juani, miguu inakufa ganzi na jicho moja linaingia ukungu. Jioni akishaoga na kupumzika, anatembea. Wakwe wakauliza: mgonjwa gani huyu anayepona kila jioni? Nanyi mnamwita mvivu, na wengine wanasema amerogwa.

Siwezi kumpima kwa simu. Lakini hapa Scotland kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa majumbani, na mmoja wao, mwalimu mstaafu, ana mambo hayo hayo. Ugonjwa wake ni maltipo sklerosisi, MS kwa kifupi. Kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, basi ujumbe wa kwenda miguuni hufika kwa shida au haufiki. Mwili ukipata joto, neva hizo huzidiwa. Ukipoa, nguvu hurudi. Mwaka 1890 daktari Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza wagonjwa wa MS ambao macho yao yalififia kwa muda wakijichosha. Kile mnachokiona kuwa ushahidi wa uongo, huku kinaandikwa kwenye faili kama dalili.

Huku ugonjwa huu umeenea. Visiwani Orkney ulikutwa kwa watu zaidi ya 400 katika kila 100,000. Sheria ya usawa ya mwaka 2010 inamlinda mgonjwa wa MS kazini tangu siku daktari anapothibitisha, hata kama bado anatembea vizuri. Hangoji kuanguka ndipo aaminiwe. Yule mwalimu huvaa fulana yenye mifuko ya barafu, humenya viazi akiwa ameketi, na akisema amechoka hakuna anayemwuliza amefanya kazi gani.

Na ninyi? Ng'ombe akikataa majani asubuhi, kufikia adhuhuri daktari wa mifugo yuko zizini. Nawapenda kwa hilo. Ila mke wa mtu analalamika msimu mzima na mnamtafutia kosa! Hilo ni aibu, nalisema wazi.

Sasa fanyeni hivi. Mpelekeni hospitali Tororo, muombe barua ya kumwona daktari wa neva, iwe Kampala au Eldoret. Atahitaji picha ya MRI, na huenda kupimwa maji ya uti wa mgongo. Msikubali jibu la haraka: upungufu wa vitamini B12, kaswende, kifua kikuu cha uti wa mgongo na ugonjwa mwingine wa neva unaoitwa NMO huweza kufanana na MS, na baadhi ya dawa za MS humdhuru mwenye NMO. Wakati mnangoja, alime alfajiri, mchana akae kivulini na kitambaa chenye maji baridi shingoni. Apumzike kabla hajaishiwa nguvu. Asiache kunywa maji kwa kuogopa mkojo kumkimbiza, kwani maambukizi ya njia ya mkojo huzidisha dalili zote. Homa pia, kwa hiyo alale ndani ya neti, na akichemka apimwe malaria mara moja. Dalili mpya ikidumu zaidi ya saa 24 bila homa, arudi hospitali asingoje siku ya miadi. Miguu ikikakamaa, anyooshwe taratibu kila siku. Akihitaji fimbo, mpeni bila kumcheka.

Ikithibitika ni MS, dawa za kuizima kabisa hazipo, lakini za kupunguza mashambulizi zipo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu, rituksimabu ikiwemo, katika orodha yake ya dawa muhimu. Mbunge akija kuomba kura, mwulizeni hospitali ya serikali itazileta lini.

Nauli na pesa ya picha nitatuma Ijumaa kwa simu ya shangazi. Mumewe naye aende, aingie chumba cha daktari, asikie kwa masikio yake.