Mpaka wa Maji na Mafuta

Ukimimina mafuta ya taa juu ya maji katika chupa, kisha ukaitikisa kidogo, utauona mpaka wao ukicheza kama utepe. Macho huuona bila taabu; bali kuutia katika hesabu ni kazi, na kazi hiyo imeninyima usingizi muhula huu kuliko mtihani wenyewe.

Kompyuta haioni mpaka. Hujua miraba tu, kila mraba na namba yake: 1 ukijaa mafuta, 0 ukiwa maji matupu, na sehemu ya moja vikiwamo vyote viwili. Njia hii waliieleza Wamarekani Hirt na Nichols mwaka 1981.

Mimi kompyuta sina, ninalo daftari la miraba. Nilichora bomba la miraba 7, mitatu ya kushoto mafuta, iliyobaki maji, nikayasukuma yote kulia nusu mraba kwa kila hatua. Kanuni nyepesi husema kila mraba umpe jirani wa kulia nusu ya mafuta yake, upokee nusu ya yale ya jirani wa kushoto. Mraba wa kwanza hujazwa daima. Baada ya hatua 4, mraba wa 4 na wa 5 ilipaswa kujaa, basi. Daftari lilisema 0.9375, 0.6875, 0.3125 na 0.0625. Zijumlishe, ndugu msomaji: ni 2 kamili. Hapana tone lililopotea, ila mpaka umeyeyuka kama sukari katika chai!

Mwenzangu wa bwenini alicheka. "Jumla ni sawa, wataka nini tena?" Nataka mpaka. Nguvu inayolifanya tone liwe duara hukaa pale pale mpakani. Mpaka ukiwa ukungu, utaiweka wapi?

Dawa ya wale mabwana ni kuuchora kwanza mpaka ndani ya mraba, ndipo yapite yale mafuta yaliyofika mlangoni tu. Mraba wenye nusu, mafuta yakiwa kushoto, hautoi kitu mpaka ujae. Nilipofanya hivyo, wa 4 na wa 5 ilijaa, wa 6 ukabaki maji matupu.

Mwaka 1988 Osher na Sethian walileta njia nyingine: kila mraba huandikwa umbali wake toka mpakani, hasi upande mmoja, chanya upande wa pili, na penye sifuri ndipo mpaka. Matone mawili yakikutana huungana yenyewe. Inapendeza sana, lakini mafuta huweza kupungua kidogo kidogo katika hesabu, na hapana aliyeyamwaga. Mimi nawafuata Hirt na Nichols. Mwenzangu, ambaye sasa hacheki, yu upande wa Osher, na tangu juzi daftari langu analo yeye.