Mwanga: Jina la Mahali Nalo Dili!

Msomaji, ukifika Kigoma usiishie stesheni. Panda mlima hadi Mwanga, ingia sokoni, pua ikuongoze. Mimi nilikuta mawese mekundu ndani ya chupa za maji, dagaa wamerundikwa mezani, iliki na pilipili manga zimefungwa kwenye vijikaratasi visivyo na jina.

Hapo nikamkumbuka jamaa wa New York, Ethan Frisch. Huyu alikuwa mpishi. Mwaka 2016, yeye na mwenzake Ori Zohar walianzisha kampuni ya viungo, Burlap & Barrel. Walianza na bizari nyembamba ya porini kutoka milima ya Afghanistan, wakaja kuuza pilipili manga ya Zanzibar. Ujanja wao? Kununua moja kwa moja kwa wakulima, na kuandika kwenye chupa kiungo kimetoka wapi. Biashara ikakua.

Sasa, Kigoma ni wageni wa mchezo huo? Thubutu! Nenda Kariakoo. Mteja haulizi dagaa tu, anauliza dagaa wa Kigoma, na anajua bei yao imesimama. Jina hilo wamelijenga wavuvi, akina mama waanikaji, na reli iliyofika huku mwaka 1914.

Kasheshe ni kwamba mshiko mnene wa jina humwendea yule anayefunga pakiti mwisho wa safari. Vijana wa Mwanga, pakiti na lebo si uchawi. Msipofunga ninyi, watafunga wengine, tena kwa jina lenu!