Ujiji kwa Magurudumu Matatu

Mtu atembeaye mji wa ugenini huona vitu viwili: huona mji, na huona kile anachoonyeshwa. Viwili hivi si kimoja. Mji wo wote wenye umri ni mkubwa kuliko siku ya mgeni, na kwa sababu hiyo husimama mtu katikati yao, ambaye huchagua mahali pa kutua na mahali pa kupita. Mtu huyo ni kiongozi. Katika miji ya kale ya Ulaya kazi yake imerahisishwa sana siku hizi. Mjini Lisbon, kwa mfano, wageni hupandishwa vilima vya mtaa wa Alfama kwa vyombo vidogo vya magurudumu matatu, vingi vikienda kwa umeme, na kiongozi aliyeshika usukani hueleza habari za makanisa na ngome pasipo kupaza sauti, maana chombo chake hakingurumi. Lakini wepesi wa chombo hauondoi uzito wa uchaguzi. Lisbon ilikuwa bandari iliyopokea watumwa kutoka Afrika tangu karne ya 15, na ni juu ya kiongozi kulisema jambo hilo au kulipita.

Kigoma, chombo cha namna hiyo huitwa bajaji, kwa jina la watengenezaji wake wa India. Aghalabu huenda kwa petroli, na ngurumo yake husikika kabla ya umbo lake kuonekana. Kazi yake ya kila siku ni kuchukua watu wa sokoni, wagonjwa, wanafunzi na magunia; kumpata mgeni anayetaka kuzungushwa mchana kutwa ni bahati isiyobisha hodi kila asubuhi.

Asubuhi moja ya kiangazi bahati hiyo ilimjia dereva kijana aliyekuwa akingoja mbele ya stesheni ya reli. Abiria wake alikuwa mwanamke aliyepita umri wa miaka sitini, mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, mzaliwa wa Bagamoyo. Bagamoyo na Ujiji ni ncha mbili za njia moja. Alizaliwa kwenye ncha ya pwani, akasomesha habari za njia hiyo miaka thelathini, na ncha ya ziwani hakupata kuiona. Alikuwa amekuja kuiona kabla miguu haijakataa safari.

“Shikamoo, mama,” alisema kijana.

“Marahaba, mwanangu. Nataka unipeleke Ujiji, unionyeshe mji, unirudishe jioni. Tupatane kwanza, maana mapatano ya mbele hayana ugomvi nyuma.”

Wakapatana. Kijana alipangusa kiti cha nyuma kwa kitambaa, akamsaidia mama kupanda, na safari ikaanza.

Ilidhihirika mara moja kwamba kijana alikuwa na darasa lake. Alilijenga, yamkini, kwa kusikiliza wengine na kwa kuzizoea haja za wageni. Kwa kuwa ngurumo ya bajaji ilimeza maneno, alikuwa na desturi ya kuzima injini kila alipotaka kusema. Alizima mbele ya stesheni, akaeleza kwamba ni kazi ya Wajerumani, na kwamba reli yao kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Alizima tena mahali bandari inapoonekana, akasimulia habari za meli ya Liemba: jinsi ilivyoundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika makasha, ikaungwa upya Kigoma na kuteremshwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, jinsi Wajerumani wenyewe walivyoizamisha mwaka 1916 isitwaliwe na adui, na jinsi Waingereza walivyoiibua, ikaanza kazi mwaka 1927 kwa jina jipya. Aliyasema haya vizuri. Mwalimu alimsikiliza kama asikilizavyo mwanafunzi aliyehifadhi somo lake.

Kisha bajaji ikapanda barabara ya Lumumba, ikapita Mwanga penye soko na msongamano wa watu, ikashika njia ya Ujiji. Ni mwendo wa kilomita chache. Minazi ilionekana huku na huko, na michikichi kwa wingi, mti ambao mawese yake hukipa chakula cha nchi ile rangi na harufu. Miembe mikubwa ilitia kivuli mabarazani. Nyumba za Ujiji ziliwafanya macho mwalimu yamdanganye kidogo. Kanzu, kofia, buibui, milango iliyo wazi kwa majirani, na maamkizi yasiyokwisha haraka. Ungedhani ni mtaa wa pwani uliohamishwa, ukawekwa mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini. Mwenye lugha ya Kiswahili hafiki Ujiji kama mgeni mtupu.

Kituo kikuu cha safari kilikuwa pale wanapofikishwa wageni wote, mahali pa kumbukumbu ya Livingstone. Pana nguzo ya mawe, pana makumbusho, na pana miembe isemwayo kuwa ni wana wa mwembe wa kale uliokufa. Jiwe lina majina mawili. Linasema kwamba chini ya mwembe uliosimama hapo Stanley alimkuta Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Siku zile maji yalikuwa karibu na mahali hapo kuliko leo. Baadaye mto Lukuga, upande wa Kongo, ulifungua njia yake, ziwa likashuka na ufuko ukarudi nyuma.

Kijana alizima injini, akaigiza mkutano ule kwa mikono na kofia, mpaka mwalimu akacheka. Lakini cheko lilipokwisha, mwalimu aliuliza, “Nani alimwambia Livingstone kwamba mgeni anakuja?”

Kijana hakuwa na jibu. Mwalimu akamwambia. Alikuwa ni Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye alitangulia kumlaki Stanley njiani, akakimbia kurudi kwa bwana wake na habari. Ndiye huyo ambaye, Livingstone alipokufa mwaka 1873, yeye na Chuma pamoja na wenzao waliuchukua mwili wake kwa miguu kutoka kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Na katika msafara wa Stanley alikuwamo Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, akarudi muungwana. Bombay alikuwa amekwisha kuiona Ujiji mwaka 1858 alipofika na Burton na Speke. Stanley alipoifikia kwa mara ya kwanza, Bombay alikuwa akirudi. Mbele ya misafara kama hiyo alitembea kirangozi, mtu mwenye kujua njia, na nyuma yake ndipo walipofuata wengine wote. Jiwe lina nafasi ya majina mawili, na haya hayakupata nafasi.

“Basi sisi madereva ndio makirangozi wa sasa,” alisema kijana, na neno lile lilimpendeza.

“Ndiyo, mwanangu. Sasa nipeleke mahali walipotuliza watu waliofungwa.”

Hapo uso wa kijana ulibadilika. Alijibu kwamba wageni hawaendi huko, kwamba hakuna kitu cha kuonekana, kwamba jua limekuwa kali. Sababu tatu kwa swali moja ni nyingi mno. Mwalimu alizijua sababu za namna hiyo, maana darasani alizisikia kwa miaka mingi, akanyamaza. Kijana akawasha injini, akaendesha taratibu mpaka ufukoni.

Ufuko wa Ujiji una shughuli zake. Mafundi walikuwa wakiunda mtumbwi mkubwa wa mbao, mbavu zake zimesimama kama za samaki aliyeliwa. Dagaa walikuwa wameanikwa, wakimeta juani, mavuno ya usiku usio na mwezi, wakati wavuvi huwasha taa ili samaki wapande. Ng'ambo, mbali, milima ya Kongo ilikuwa kama moshi. Kijana alizima injini, wala hakusema neno kwa kitambo. Hakuwa na darasa lililotengenezwa kwa mahali hapa.

“Mama,” alisema hatimaye, “bibi yake bibi yangu alitoka kule. Manyema. Aliletwa akiwa mtoto, hajafika kifuani pa mtu mzima.”

“Aliletwa,” alirudia mwalimu.

“Nyumbani tunasema alikuja. Bibi husema alikuja na wafanya biashara. Mimi niliisikia ile nyingine kwa mjomba, siku ya msiba, na nilikatazwa kuisema. Watu wa mji huu ukigombana nao hukutafuta hapo.”

Msomaji wa sarufi anajua umbali uliopo baina ya vitenzi hivi viwili. Ajaye ana nia na miguu. Aletwaye ana miguu tu. Familia nzima ilikuwa imeishi juu ya tofauti ya maneno haya kwa vizazi vitano, ikichagua neno moja ili kulizika la pili. Habari zenyewe za nchi hazikuwa siri. Julai 1871, miezi minne kabla ya mkutano wa mwembeni, Livingstone alishuhudia huko Nyangwe, Manyema, watu wa wafanya biashara wakiwapiga risasi wanawake na wachuuzi sokoni. Habari yake ilipofika Uingereza ilitia nguvu madai yaliyofunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Kufungwa kwa soko la pwani hakukuzuia biashara ya bara papo hapo. Ujiji iliendelea kupokea pembe na watu katika siku za Tippu Tip na Rumaliza, na utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Mwaka 2006 Tanzania iliipendekeza njia hiyo, kwa vituo sita kuanzia Bagamoyo mpaka Ujiji, iingizwe katika Urithi wa Dunia. Yote hayo yameandikwa. Lakini lililoandikwa katika orodha ya dunia laweza kuwa halijatamkwa jikoni.

Mwalimu alikumbuka methali aliyoisomesha kila mwaka: mwacha asili ni mtumwa. Alikuwa akiiandika ubaoni, akiwataka watoto waitungie kisa, nao walitunga visa vya vijana wajeuri walioyadharau mavazi ya wazee wao. Hakuna aliyetunga kisa cha mtu ambaye asili yenyewe ndiyo utumwa, ambaye akiishika ataitwa mtumwa na majirani, na akiiacha ataitwa mtumwa na methali. Methali ilikuwa imetungwa na watu waliokuwa na asili ya kujivunia. Pale ufukoni alitamani kuwaita wanafunzi wake wote warudi darasani, walisome somo lile upya.

Hakumpa kijana methali hiyo. Alimpa habari nyingine. Alimwambia kwamba watu wa misafara, wengi wao waliozaliwa katika utumwa au waliotekwa wangali watoto, walijiita waungwana; na kwamba Kiswahili walichokivusha ziwa hili kikaenea Manyema na nchi za mashariki ya Kongo, ambako kilipata kuitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Walionyang'anywa jina la uhuru walijipa wenyewe, wakaliacha katika lugha. Bibi yake bibi alivuka ziwa kwa kuletwa. Lugha ya watu kama yeye ilivuka upande wa pili kwa kwenda. Hata mwembe wa Livingstone haukuwa mwenyeji wa pale, kwa kuwa miembe asili yake ni India na bara ilifika kwa njia ya pwani. Wala hakuna amwulizaye mwembe aliuleta nani kabla ya kukaa kivulini pake.

“Mwembe hautukanwi, mama,” alisema kijana.

Jibu hilo lilikuwa la haki, na mwalimu hakuwa na la kuongeza.

Walikaa mpaka jua lilipoanza kuinama. Kijana alionyesha kwa kidole sehemu moja ya mji, akasema kwamba mjomba wake alisema ni pale; leo pana nyumba za watu, na kuku, na watoto wakicheza. Kweli hapakuwa na kitu cha kuonekana. Mwalimu alipatazama kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama jiwe.

Njiani kurudi injini haikuzimwa hata mara moja. Walipofika Kigoma, mwalimu alilipa walichopatana na ziada, na kijana alipokea kwa mikono miwili.

“Kesho ukimpakia mgeni mwingine,” aliuliza mwalimu, “utasimama pale?”

Kijana alifikiri. “Kwanza nitamwuliza bibi,” alisema. “Habari ni yake kabla haijawa yangu.”

Ni vigumu kupata kanuni bora ya uongozi kuliko hiyo. Mji wa kale si mali ya jiwe lake, wala si mali ya mgeni mwenye maswali mazuri. Una wenyewe, na wengine wao wangali hai, wamekaa barazani wakichambua dagaa. Kiongozi mwema hujua njia, na hujua pia mlango gani hauingiwi bila hodi. Vyombo vitabadilika: petroli itaondoka Kigoma kama ilivyoanza kuondoka Lisbon, bajaji zitakwenda kimya, na kiongozi hatahitaji tena kuzima injini ili asikike. Siku hiyo haja itabaki ile ile, kwamba awe na la kusema, na awe amepewa ruhusa ya kulisema.